Kuchongewa santuri hapa Mbeya: uzoefu wangu, na hela yangu ya pili naidai

Jamani kama kuna mtu anafikiria kwenda kuchongewa santuri hapa mjini asome hii kwanza. Jina la kijana silitaji, mtaa silitaji, wenye kumjua watamjua. Nilisema naandika mistari miwili tu ila ninavyoandika naona moto unapanda.

Mama yangu aliimba kwaya Tukuyu miaka mingi sana, sauti ya kwanza, na kitu pekee tulichobaki nacho chenye sauti yake ni kaseti moja ya miaka ya tisini ambayo imeshaanza kukokota. Baba yeye ni mtu wa santuri toka ujana wake. Ukimpa flashi anaiweka kwenye droo, simu ya kubonyeza ndo kabisa hataki kuisikia. Nikasema basi namchongea santuri ya mama, aisikie kwa namna anayoijua yeye. Ilikuwa kama mwezi wa sita hivi, ile baridi yetu ya kuvaa makoti mawili.

Kwakweli nilivyofika kwa yule kijana nilifurahi, siwezi kudanganya. Ile mashine yake inazungusha sahani ya plastiki ngumu inayoonyesha ng'ambo kama kioo, inchi 7, spidi 45, dakika kama nne upande mmoja, na sindano inavyochonga inatoa uzi mwembamba wa plastiki unajisokota kama nywele za mtoto mchanga, yeye anaufyonza kwa mpira wa vakyumu usije ukaingia chini ya sindano. Niliangalia ule uzi nikajua pale ndo sauti ya mama inapita. Akanipigia kwenye mashine yake, nzuri, nikalipa elfu themanini nikaondoka naimba kwenye bajaji.

Nyumbani nikachomeka mashine ya kupigia santuri niliyomnunulia baba, mtumba wa Kariakoo lakini mzima, nikaunganisha na sabufa yangu kwenye tundu la oksi. Jamani. Sauti ndogo, kavu, kama kwaya nzima imefungiwa ndani ya debe. Sauti ya nne haipo, tarumbeta hamna kitu, nikiongeza volyumu mpaka mwisho napata ngurumo ya umeme na zile "s" za "Yesu" na "msalaba" zinachanika kama maji yameingia kwenye mafuta ya moto. Nikajua nimepigwa.

Kesho yake nikabeba santuri na mashine yenyewe kwenye shangazi kaja mpaka kwake. Namwambia kaka, hii kitu haina besi, hebu isikilize kwenye mashine yangu, nimekuja nayo hii hapa. Hakufungua hata zipu ya mfuko. Alikuwa na wenzake wawili pale, akaniangalia akasema, "Dada, santuri sio ya kila mtu, rudi kwenye flashi yako." Wenzake wakacheka. Mimi nimesimama pale na sauti ya mama yangu marehemu mkononi na watu wanacheka.

Af kilichofuata ndo kinaniuma zaidi. Akasema kama ni besi unataka, lete elfu arobaini nyingine nikuchongee yenye besi. Na mimi kwa kukosa pa kwenda nikatoa. Akaenda kwenye ikwalaiza ya kompyuta, akapandisha upande wa chini mpaka ule mstari kwenye skrini ukawa mlima Rungwe, akachonga. Safari hii hata hakunipigia niisikie.

Hiyo ndo nikaenda nayo Tukuyu, siku ya kumbukumbu ya mama kutimiza mwaka. Shangazi wapo, wazee wa kanisa wapo, wanakwaya wenzake wanne waliobaki wapo wamekaa mbele. Nikaweka sindano. Ubeti wa kwanza ukaenda hivyohivyo kikavu, ilivyoingia tarumbeta kubwa sindano ikaruka, ikarudi, ikaruka, neno moja linajirudia kama mtu mwenye kigugumizi. Nikaisukuma mbele kidogo, ikaruka tena. Baba akainuka, akanyanyua mkono wa sindano kwa kidole taratibu, akaurudisha kwenye kishikio chake, akatoka nje akasimama kwenye migomba. Hakusema neno. Nilitamani hata angegomba.

Kwa hiyo hukumu yangu siku ile ilikuwa msiende, mwizi, na ningeandika hapo hapo ingekuwa fupi na ingekuwa na matusi.

Bahati wakati wa kurudi nikashuka Uyole kwa mzee mmoja fundi redio, anatengeneza redio toka enzi za valvu. Nikamwamkia, nikatoa mashine, nikatoa santuri zote mbili. Hakuchomeka chochote kwanza. Akaigeuza mashine akavaa miwani, akaangalia nyuma akauliza, "Mwanangu, hiki kiswichi kimekaa hivi toka lini?" Kiswichi chenyewe kama punje ya mchele, pembeni kimeandikwa fono upande mmoja na laini upande wa pili. Kilikuwa kwenye fono. Akakisogeza kwa ukucha kwenda laini, akaweka ile santuri ya kwanza, ile niliyoambiwa sio ya kila mtu.

Nilikaa chini. Sauti ya nne imejaa, tarumbeta inanguruma bila kupasuka, na juu yake mama, mwenyewe, mpaka ile pumzi anayovuta kabla ya kiitikio.

Mzee akanichorea kwenye kipande cha boksi, na nalitunza mpaka leo. Kumbe santuri haichongwi sauti ilivyo. Besi ikichongwa ilivyo, mfereji unayumba kwa upana, unakula nafasi ya sahani na sindano inashindwa kuufuata, inaruka. Trebo nayo, zile sauti za juu nyembamba, ikichongwa ilivyo inazama kwenye mkwaruzo wa plastiki. Kwa hiyo wakati wa kuchonga besi inashushwa makusudi na trebo inapandishwa makusudi, af wakati wa kupiga kuna kisakiti kinafanya kinyume chake, kinarudisha besi na kushusha trebo, na ule mkwaruzo unashuka pamoja nayo. Zamani kila kampuni ilikuwa na kipimo chake cha kushusha na kupandisha, mpaka mwaka 1954 Marekani chama chao cha kampuni za santuri, RIAA, kikaweka kimoja ambacho dunia nzima ikaja kukifuata. Na sio kidogo: ukianzia katikati kwenye hezi 1000, yaani mitetemo elfu moja kwa sekunde, huku chini kwenye hezi 20 besi inashushwa karibu desibeli 20, na kule juu kwenye hezi 20,000 trebo inapandishwa karibu hizo hizo. Kiswichi changu kikiwa fono, mashine inatoa umeme mdogo wa sindano mbichi vilevile, ikitegemea sakiti iko kwenye amplifaya; kikiwa laini, inatumia sakiti iliyo ndani yake yenyewe. Sabufa yangu haina hiyo sakiti, hata za wenzangu ninazozijua hazina. Ndo maana nilikuwa nasikia santuri kama ilivyochongwa, haina besi, trebo tupu.

Nikamuuliza mbona ile ya zamani ya baba tulikuwa tunachomeka tu kwenye redio inaimba. Akasema ile ni kichwa cha kristali, kinatoa umeme mwingi chenyewe, na kwa asili yake kinakaribia kujisawazisha bila sakiti. Hii yangu ni ya sumaku, bila sakiti huendi popote.

Kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Kuchonga, yule kijana anajua. Ile ya kwanza ni kazi safi, kipimo amekifuata, mzee mwenyewe ameisifia, akasema hata kumweka mama mwanzoni amefanya la maana, kwa sababu sindano ikikaribia katikati mzunguko unakuwa mfupi na "s" zinaanza kuchafuka. Ningesema nyota nne.

Lakini sasa nikifikiria nashindwa. Mtu anayejua kushusha besi kwa kipimo wakati wa kuchonga, hawezi kuwa hajui kwamba lazima irudishwe wakati wa kupiga! Ni jambo hilo hilo moja! Mashine ilikuwa kwenye mfuko mbele ya miguu yake, swali moja tu, "dada unachomeka wapi?", na kiswichi kingegeuzwa bure. Badala yake akachukua elfu arobaini, akachonga besi aliyojua kabisa sindano haitaiweza, akaniacha niende nayo mbele ya wanakwaya wa mama. Nyota moja. Na hiyo moja ni ya mama.

Nimerudi Tukuyu wiki iliyopita. Baba ameisikiliza ya kwanza mara sita mfululizo, ameweka mkono juu ya meza anahesabu mapigo kwa kidole, mwisho akasema, "Ndaga, mwanangu," yaani asante kwa Kinyakyusa. Af akaitaka na ile mbovu. Nikamwambia baba inaruka. Akachukua sarafu ya mia akaiweka juu ya kichwa cha sindano kama walivyokuwa wanafanya zamani, ikapita, besi inatikisa vikombe kabatini, namwambia itachimba mifereji hiyo, hanisikii.

Sasa anataka nyimbo za upande wa pili wa kaseti nazo zichongwe, na mwingine anayechonga huku sijampata. Nitaenda. Ila naenda na mzee wa Uyole, na kabla sijatoa shilingi mfuko utafunguliwa zipu mezani pale pale, na ile elfu arobaini ihesabiwe kwenye bei.