Lionel 622 ya mwaka 1949 kwenye hewa ya Tanga

Kwa anayekusanya treni za kuchezea hapa Tanga, kichwa hiki cha Lionel, kampuni ya Marekani, ni mali: kinaendeshwa kwa umeme, ila umbo lake ni la kichwa cha dizeli cha kupangia mabehewa. Kizito, kinavuta kweli, na sumaku za ekseli hukishikiza relini. Reli ziwe za chuma. Kwenye aluminiamu sumaku hazisaidii kitu. Tatizo, chuma hupata kutu upesi kwa hewa ya chumvi, na sumaku hunasa unga wa chuma hadi gia zinakwama. Kifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kukiendesha.

Kikisitasita, usiseme mota imekufa. Toa kaboni (vipande vinavyoingiza umeme kwenye mota), safisha komyuteta, yaani sahani ya shaba ambayo kaboni huigusa, kwa spiriti, kisha kwangua masizi kwenye mifereji 3 kati ya vipande vya shaba kwa kijiti cha meno. Masizi hayo hupitisha umeme pasipotakiwa. Oili tone 1 tu kila bushi, yaani tundu ambamo mhimili huzungukia; ikizidi inafika kwenye kaboni.

Umeme ndio unaoua vingi. Transfoma yake ya Marekani ni ya volti 115, hezi 60. Ukiichomeka kwenye 230 inaungua. Tumia kishusha volti, na ipumzishe, maana kwa hezi 50 huchemka zaidi.

Kabla ya kulipa, kunja waya wa ndani taratibu: mpira ukipukutika, dai punguzo.