Basi la Mwanza–Kigali: siti safi, konda shida, ubishi wa Rwanda mpaka stendi ya Nyabugogo

Kwa anayepanga kwenda Kigali kwa basi kutokea Mwanza, soma hii kwanza ndo ukakate tiketi. Kampuni siitaji jina, nina malalamiko nayo na sitaki kesi, ila ukifika stendi ya Nyegezi alfajiri utaliona tu, ndo lenye wapiga debe wengi kuliko abiria. Tiketi kata dirishani. Mpiga debe atakwambia dirisha limefungwa, mara siti zimeisha, usimsikilize. Kijana niliyekaa naye alinunua kwa mpiga debe, akapigwa elfu kumi ya juu, na bado siti aliyoandikiwa ilikuwa na mtu, wakabaki wanaoneshana tiketi kila mmoja na namba 14 yake.

Basi lenyewe sina ugomvi nalo. Siti mbili kwa mbili, miguu inanyooka, sehemu ya kuchaji simu ipo na inafanya kazi, kiyoyozi kilienda vizuri mpaka Geita alafu kikaanza kupuliza joto tukafungua madirisha. Maji chupa moja ndogo na soda, basi. Choo cha ndani hamna, wanasimama porini watu wakachimbe dawa, kwa akina mama sio poa kabisa na safari hii ni ya kutwa nzima. Movi iliyotafsiriwa, sauti juu, ila ilizimwa mapema maana ubishi ulioanza ndani ya basi uliizidi.

Ubishi ulianzia darajani. Zamani pale Kigongo unakaa foleni ya kivuko, unakula mahindi ya kuchoma mpaka yanaisha, saivi toka daraja lifunguliwe Juni 2025 basi linakata zile kilomita 3 juu ya ziwa hata hujamaliza kupiga picha. Watu wote wamesimama na simu, raha tupu. Kijana wangu wa namba 14 akatoa lake, eti "hili lingekuwa la Rwanda lisingechukua miaka mitano". Mbele yetu kulikuwa na mzee mmoja mwalimu mstaafu, akageuka na mwili mzima. Kuanzia hapo hakuna aliyelala.

Mzee hoja yake ya kwanza ni ukubwa. Rwanda yote ni kilomita za mraba elfu 26 na kidogo, kwenye mkoa wa Tabora peke yake inaingia karibu mara tatu, na watu wao ni milioni 13, sisi sensa ya 2022 tulikuwa milioni 61 na ushee. Akasema uwanja mdogo kuufagia sio kazi. Nikaona kamaliza, kumbe kijana naye kajiandaa, akamuuliza: mzee, na Burundi je? Burundi ukubwa ni uleule, milima ileile, kahawa ileile, wamepakana, mbona yenyewe iko kwenye orodha ya nchi maskini kuliko zote duniani? Mzee akavuta pumzi. Mi hapo nilimpa kijana pointi, maana hoja ya udogo tunaipenda sana huku kwetu, inatupa kisingizio cha kutokuuliza wenzetu wanafanya nini.

Ila mzee sio mtu wa kukata tamaa. Kijana alipomwaga takwimu kwamba 2024 uchumi wa Rwanda umekua asilimia 8.9 na wetu 5.5, mzee akamjibu: sawa, unakua kutoka wapi? Tanzania Benki ya Dunia ilishaipandisha uchumi wa kati wa chini toka Julai 2020, Rwanda mpaka leo iko kundi la kipato cha chini. Ukigawa pato kwa kichwa, Mnyarwanda wa kawaida hajamzidi Mtanzania. Na hili ni kweli wakuu, wengi hatulijui kwa sababu tukienda tunaishia Kigali, tunaona lami na maua katikati ya barabara na lile jengo la mikutano linalowaka rangi usiku, tunarudi kusema wenzetu wametuacha. Vijijini kule ni migongo ya vilima na jembe la mkono na mashamba yanayogawanywa kila kizazi mpaka yanabaki kipande.

Aliyetuliza wote ni mama mmoja wa dagaa, tulimwita mayu (mama kwa Kisukuma) basi zima, ana wateja wake Kigali na zamani Goma kule Kongo. Yeye hana habari na Benki ya Dunia. Akasema "mi napima kwa madirisha". Huku kupitisha mzigo wa dagaa anazunguka ofisi hii ya kibali, ile ya ushuru, nyingine ya afya ya samaki, kila dirisha lina mtu wake na saa yake ya chai. Mteja wake wa Kigali alisajili kampuni kwa simu na siku hiyohiyo ikatoka. Kijana akadakia, ndo maana kwenye ile ripoti ya wepesi wa kufanya biashara ya 2020 Rwanda ilikuwa ya 38 na sisi wa 141! Mzee: ripoti hiyohiyo Benki ya Dunia wameifuta 2021 baada ya takwimu kukutwa zimechezewa. Kijana: zilizochezewa ni za nchi nyingine mzee, sio za Rwanda. Mayu akasema nyie endeleeni, mimi dagaa zangu zinaota ukungu kwenye foleni.

Sasa niwaambie nilichokiona kwa macho yangu. Kati ya Geita na Lusahunga konda wetu alishuka mara kadhaa na karatasi imekunjwa vizuri kama barua ya posa, akirudi karatasi hana. Sisemi kitu. Baada ya kuvuka mpaka wa Rusumo hakushuka hata mara moja, alikaa mkanda umefungwa, mtoto mzuri. Dereva naye, aliyekuwa anakata kona za Biharamulo kama anadaiwa, akashuka mpaka 60 akatulia hapohapo, maana kule kuna kamera na magari ya abiria yana vidhibiti mwendo. Dereva yuleyule, basi lilelile. Kwenye orodha ya rushwa ya Transparency International ya 2024, alama nyingi ndo usafi, Rwanda ina alama 57 na sisi 41, lakini mi sikuhitaji orodha, nilikuwa na konda.

Mpakani huduma nzuri, pongezi kwa pande zote mbili. Kituo cha Rusumo ni cha pamoja, kilizinduliwa 2016 na Magufuli na Kagame, unagongewa mihuri yote miwili kwenye jengo moja. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, wenzetu waliipiga marufuku toka 2008, sisi tukafuata 2019, mayu alitolewa kifuko chake cha karanga akamwagiwa karanga kwenye kanga. Saa rudisheni nyuma saa moja. Ukichungulia pembeni unaona maporomoko, kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 wanagawana sawa Tanzania, Rwanda na Burundi, na yale maji ya Kagera ndo haya haya yanakuja kuingia ziwani kwetu.

Tahadhari moja ambayo kampuni haijaifikiria: Rwanda wanaendesha kulia na basi letu mlango uko kushoto, kwahiyo likisimama pembeni unashukia katikati ya barabara, uso kwa uso na malori ya mafuta. Konda alipaswa kushuka kwanza asimamishe magari, yeye yuko ndani anahesabu hela. Kuna mtoto nusura agongwe kule Kayonza. Hili ni la kurekebisha kesho, wala sio keshokutwa.

Narudi kwenye ubishi maana uliingia sehemu ngumu. Siti ya karibu na dirisha alikaa kaka mmoja Mnyarwanda, Kiswahili chake kizuri, njia nzima anasikiliza tu. Kijana akamgeukia, kaka tuambie ukweli, rais wenu mnampenda? Akasema nchi ina usalama, barabara ni nzuri, bima ya afya ipo. Kijana akambana, sijakuuliza barabara. Yule kaka akatabasamu akauliza sato pale soko la Mwaloni saivi wanauzaje kilo. Tukaelewa. Mzee akasema taratibu tu, uchaguzi wa Julai 2024 Kagame kapata asilimia 99.18, na wapinzani wake Ingabire na Diane Rwigara hata kwenye karatasi ya kura hawakufika.

Mi kazi yangu ni kusifia na kukosoa huduma, hoteli, mabasi, saluni, na hapo ndo niliposhikwa. Konda akinizingua naandika, kesho bosi wake anasoma, mambo yanabadilika au nahama kampuni. Dirisha la serikali likiwa zuri kama yale ya Kigali natamani liwe langu, kweli natamani. Lakini mteja ambaye hawezi kusema huduma mbaya, sifa zake nazipimaje? Labda anasifia kwa dhati, inawezekana kabisa, maana ukikumbuka 1994 ilikuwaje pale na watu waliouawa, mtu kusema "nchi ina usalama" sio kauli ya kubeza. Ila sijui, na yeye mwenyewe hawezi kunisaidia nijue.

Nikawa najiona nimeshinda, mara sauti ikatoka siti za nyuma kabisa: "Na sisi wa asilimia 97 ya uchaguzi wa Oktoba 2025 tunamcheka nani?" Basi zima kimya alafu watu wakaangua kicheko kile cha kuangalia pembeni kwanza. Siku zile intaneti ilizimwa siku kadhaa, biashara yangu ya oda za simu ililala chali. Mzee hakujibu. Kijana naye hakujibu. Kwahiyo tulikuwa tunabishana nani ana bosi mpole, wakati mmoja ana madirisha yanayofungua kwa wakati na mwingine anasubiri mtu arudi kutoka chai.

Mayu alimalizia la Goma. Mji umechukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema jeshi la Rwanda liko nyuma yao, Kigali wanakataa. Yeye alichojua ni kwamba wateja wake wawili simu haziiti tena. Akasema usafi wa nyumba usiishie mlangoni. Hapo hata kijana aliinamisha kichwa.

Tumefika Nyabugogo jioni. Pikipiki: dereva alinikatalia kupanda mpaka nivae helmeti, alafu akasimama kwenye taa nyekundu barabara haina hata mbwa. Mgahawani nimekunywa chai ya maziwa na chapati mbili, mhudumu akaniletea risiti ya mashine bila kuombwa. Nikauliza, kumbe toka 2024 mteja akidai risiti anarudishiwa sehemu ya ile VAT (kodi ya ongezeko la thamani), asilimia 10 yake, kwahiyo raia ndo anakuwa mkaguzi wa kodi. Hii hata sisi tunaweza kuanza Jumatatu, haihitaji nchi ndogo wala rais wa aina yoyote. Sisi nasi tulijaribu usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi enzi za Magufuli, sawa na ule umuganda wao, mtaani kwangu Mabatini ulibaki kuwa siku ya maduka kuchelewa kufungua.

Linganisha na konda wetu. Wakati wa kurudi nilikuwa na boksi moja la kahawa na mizigo midogo, akanidai hela ya mzigo, nikalipa, nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akaniangalia kama nimemtukania mama. "Bosi, unataka risiti au unataka mzigo ufike?" Hayo maneno yake, sijaongeza. Boksi limefika Nyegezi limefunguliwa na kufungwa upya kwa selotepu, pakiti mbili hazipo. Ofisini dada wa dirishani alinisikiliza vizuri, akaandika kwenye daftari, akasema watanipigia. Hawajapiga.

Nyota: basi 4, dereva 3 upande wetu na 5 upande wa Rwanda, konda 1, abiria wenzangu 5. Kaa siti ya dirishani, ukiwa darajani na pale Rusumo utaona zaidi. Hela badilisha kidogo mpakani na nyingine Kigali, kadi ya daladala za kule uliza hapohapo stendi. Mzigo wenye thamani panda nao juu hata kama konda atanuna, na ukilipia mwambie aandike kiasi nyuma ya tiketi na jina lake.