Klipu sita chini ya Hilux: kifaa cha kusaka milio kinafaa kununuliwa?

Hilux ya miaka ya 1990 inayopanda Isyonje, mlima wa huku Mbeya, kila wiki lazima italia tu. Ubishi ni nani analia: krosi (kiungio cha propela, yaani shafti inayopeleka nguvu kwenye difu), senta beringi (inayoshika propela katikati), difu (gia za kwenye ekseli) au transfa (gia inayogawa nguvu mbele na nyuma). Kifaa hiki kinauzwa ili kuumaliza. Ndani ya boksi kuna klipu sita za chuma, kila moja na maikrofoni na waya wake, kisanduku chenye swichi ya kuzungusha, na hedifoni. Klipu unazibana chini ya gari, waya unazipitisha dirishani, dereva anaendesha, na wewe pembeni yake unazungusha swichi ukilinganisha.

Kinasikia vizuri. Ila usikitoe kwenye boksi kabla ya vipimo vya bure, maana nusu ya kazi inaishia hapo.

Kwa gari lenye frii habu (habu za mbele zinazolokiwa na kufunguliwa), weka transfa kwenye 2H (nguvu kwa tairi za nyuma pekee) na uende kilomita 40 kwa saa habu zikiwa zimelokiwa, kisha rudia barabara ileile ukiwa umezifungua. Habu zikiwa wazi, propela ya mbele inasimama. Mlio ukikata, tafuta mbele: propela, difu ya mbele au beringi zake. Usipime 4H (nguvu kwa tairi zote nne) kwenye lami kavu. Transfa isiyo na difu ya kati inajibana, na mlio utakaousikia umeutengeneza mwenyewe.

Kwa mlio wa "chwi, chwi" wa mwendo mdogo, piga alama ya chaki kwenye tairi la nyuma, gari litambae, na msaidizi ahesabu akitembea pembeni. Propela huzunguka karibu mara nne kila tairi likizunguka mara moja. Chwi moja kwa mzunguko ni breki au habu. Zikiwa nne hivi, ni krosi iliyokauka, na ukiifungua utakuta vumbi jekundu la kutu mahali pa grisi. Tope la Makete na mvua za Tukuyu huziua krosi kwa njia hiyo: maji yanapita kwenye sili iliyochoka, na sindano za beringi zinajichimbia vijishimo.

Thamani ya klipu inaonekana kwenye mvumo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, ambao ukiwa ndani ya kabini unausikia kila mahali. Bana moja kwenye transfa, moja kwenye mabano ya senta beringi (kama propela ni ya vipande viwili), moja kwenye pua ya difu karibu na piniani (gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu), na moja kila upande wa ekseli. Ya sita weka difu ya mbele. Mlima Nyoka wa Mbeya unafaa sana kwa kipimo hiki: panda ukikanyaga mafuta, shuka ukiwa umeachia, gia ileile. Mvumo wa kupanda tu, wenye nguvu puani mwa difu, ni meno ya krauni (gia kubwa ya difu) na piniani. Ukibaki hata ukiachia, shuku beringi ya piniani. Ukiongezeka gari linapokata kona kulia, uzito umehamia kushoto, basi anza na beringi ya tairi la kushoto.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba krosi inazunguka, haibaniki. Utaisikia kwenye transfa na kwenye difu kwa pamoja, na fundi mwenye haraka atafungua difu nzima bure. Chuma hupitisha sauti, kwa hiyo kinachosema ukweli ni tofauti ya ukubwa wa sauti, si kuwepo kwake. Waya nazo ni kero: zifunge kwa zip tai mbali na eksozi na propela, la sivyo zitaondoka na safari ya kwanza. Tena, bushi za springi zilizoisha hulia kwa mzigo kama difu kabisa, na klipu za ekseli zitakudanganya.

Gereji inayopokea magari ya namna hii kila siku, inunue. Mwenye gari moja anunue bomba la grisi. Apige kila krosi mpaka grisi safi itokee kwenye sili zote nne. Upande mmoja ukigoma, krosi hiyo itolewe. Kabla ya kufungua propela atie alama kwenye flenji (pale inapofungwa kwa boliti) na kwenye spilaini (meno ya shafti yanayoingiliana), kwa sababu ikirudishwa nje ya mpangilio, itazaliwa mtikisiko mpya ambao hakuna klipu iliyokuwa imeusikia.