Bima ya afya baada ya kustaafu: kwa nini nimebaki na NHIF

Nimestaafu ualimu, naishi hapa Dodoma, na wenzangu wengi wananiuliza kama niliacha NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) nikahamia bima ya kampuni binafsi, maana walisikia nimeongea na ajenti wao. Ni kweli alikuja mpaka nyumbani Nkuhungu, kijana mchangamfu, kiinua mgongo kilikuwa ndio kimeingia (hawa vijana sijui huwa wananusa wapi). Kipeperushi chake kizuri, chumba cha peke yako, hospitali kubwa za Dar, hakuna foleni. Nikamwambia, "mwanangu, hiyo yenye picha weka pembeni, nipe karatasi ya masharti."

Nikavaa miwani nikasoma. Mama watoto ana presha na sukari miaka mingi, kwa hiyo kwao hayo ni magonjwa aliyokuja nayo, anatakiwa alipe kwanza asubiri muda upite ndio waanze kumgharamia, na hata hapo kuna kikomo cha hela kwa mwaka, ikiisha unajitegemea. Bei nayo inapanda kila ukiongeza umri halafu ukifika miaka fulani hawakukatii bima tena. Nikamuuliza sasa nikifika hapo niende wapi? Akacheka, "aah mzee wewe bado mkakamavu sana." Chai alimaliza, hela sikutoa.

NHIF nilikatwa asilimia 3 ya mshahara kila mwezi na mwajiri akaweka 3 yake, tangu mfuko unaanza 2001 mpaka nastaafu. Sasa hivi mimi na mke wangu tunatibiwa bila kuchangia tena, na ni kwa maisha yetu yote. Watu wanaiita bure, mi nakataa, nimelipia nikiwa na nguvu. Kliniki mke wangu anahudhuria hospitali ya Benjamin Mkapa kule UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), vipimo vinafanyika hapohapo, zamani kwa bingwa ilikuwa upande basi mpaka Dar, Muhimbili, ukalale kwa ndugu.

Sasa kero zipo tena sio ndogo. Dawa ndio kubwa. Kuna kituo kimoja sikitaji, mama watoto kakaa foleni tangu asubuhi, kasaini fomu, kufika dirishani binti anamwambia "mama hii moja haipo, kanunue nje", na duka la karibu bima hawapokei, basi unaingia mfukoni. Siku hizi nauliza dawa kwanza kabla sijasaini kitu, na kila pensheni ikiingia natenga kidogo cha dawa. Halafu watoto, ukistaafu wanatoka, mnabaki wewe na mwenza tu. Kitinda mimba wetu yuko chuo tukamlipia ile ya wanafunzi, 50,400 kwa mwaka, hiyo haikuniuma.

Na msisahau Machi 2024, hospitali binafsi nyingi ziligoma kupokea kadi za NHIF kwa sababu ya kitita kipya cha bei, yaani bei ambazo mfuko unazilipa hospitali. Sisi tunaotibiwa za serikali hatukutikisika ila kama mmezoea hospitali za binafsi mjue hilo linaweza kuwakuta.

Kama pensheni yako imenona na mwili hauna shida, chukua ya kampuni juu ya NHIF, usiache hii ukachukua ile. Na barua ya kustaafu ikitoka tu shughulikia kadi ya mstaafu mapema, usingoje mpaka mtu aanguke ndio uanze kutafuta cheti cha ndoa kwenye masanduku.

Kwa jirani yangu anayeuza viazi Majengo ambaye hakuwahi kuajiriwa habari ni nyingine, yeye nilimwambia akate CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii), wakati huo ilikuwa 30,000 kaya ya watu sita, alikuwa anaanzia zahanati ya mtaani na kwa rufaa anafika mpaka hospitali ya mkoa. Huduma zake zilikuwa chache kuliko zetu, lakini mjukuu wake alipougua nimonia hawakuuza mbuzi.