Majani ya rangi ya fedha kivulini: ununue mmea upi?

Kosa hufanyika kitaluni. Unaona mmea mweupe unaong'aa, unaubeba, unaupanda chini ya mti, na baada ya miezi michache umeoza. Lavenda na stakisi (mmea wa bustani wenye majani laini ya manyoya) weupe wao hutokana na manyoya ya kukinga jua kali. Kivulini hayana kazi. Pitisha kidole juu ya jani. Likishikika kama sufi, rudisha chungu mahali pake.

Kwa kivuli, namba moja kwangu ni Brunnera macrophylla, aina ya 'Jack Frost'. Jani lake lina umbo la moyo, fedha tupu iliyopitiwa na mishipa ya kijani myembamba kama wavu. Baridi ikiisha, hutoa vimaua vya buluu juu ya majani. Haizidi sana sentimita 40, na konokono hawaihangaikii kwa kuwa majani yanakwaruza. Mwaka 2012 chama cha Marekani cha mimea ya kudumu, Perennial Plant Association, kiliiteua mmea wa mwaka. Udhaifu wake ni kiu: udongo ukikauka, kingo za majani hugeuka kahawia. Ndugu yake 'Looking Glass' ana fedha karibu jani zima, na ndiye niliyemnunua kwanza kwa tamaa ya macho. Kila doa la kuungua lilionekana kama wino kwenye shati jeupe. Siku hizi nampendekezea mwenye udongo unyevu tu.

Ya pili ni Pulmonaria, hasa 'Majesté'. Maua hufunguka yakiwa ya waridi kisha yanageuka buluu, hivyo shina moja hubeba rangi zote mbili. Ubwiri unga, ukungu mweupe kama unga juu ya majani, huipata kiangazi. Maua yakiisha, kata majani yote karibu na ardhi, umwagilie, mapya yatachipua safi.

Lamium maculatum naiweka ya tatu, ila chini ya mti wenye mizizi mingi, ambapo udongo ni mkavu, inapanda hadi ya kwanza. Hutambaa na kufunika ardhi: 'White Nancy' kwa maua meupe, 'Beacon Silver' kwa ya waridi. Usiichanganye na Lamium galeobdolon yenye maua ya njano. Hiyo hutambaa bila breki, na Uingereza sheria inakataza kuiotesha porini.

Heuchera nayo ina fedha, lakini maua ya nyingi ni hafifu.

Unapochagua chungu, usidanganywe na ukubwa wa majani. Tafuta vichipukizi viwili vitatu kwenye kitako cha mmea, pale unapotoka udongoni. Mche wa namna hiyo utaweza kuugawanya baadaye. Panda udongo ukiwa na mboji, tandaza majani makavu juu. Miche ya kijani ikijiotea yenyewe kando ya 'Jack Frost', ing'oe mapema: imetoka kwenye mbegu, nayo hukua kwa nguvu kuliko mama yake.