Kolaji ya Daraja la Charles: muziki unasikika upande wa kushoto tu

Chapa hii ya sentimita 50 kwa 70 ni Daraja la Charles la Prague, limekatwakatwa vipande vya picha na kupangwa upya kwa kufuata "Vltava", kazi ya okestra ya Bedřich Smetana ya mwaka 1874. Muziki haukuchaguliwa kiholela: Vltava ndio mto unaopita chini ya matao 16 ya daraja hilo la mawe, ambalo lilianza kujengwa 1357.

Kushoto kazi ni nzuri. Smetana anaanza na filimbi, klarineti zinafuata, yaani chemchemi mbili zinazoungana, kisha fidla zinabeba mto kwa mapigo sita. Msanii naye ameanza na vipande vya maji vyembamba kama njiti, vikapanuka hadi kufikia matao, vikienda sita sita. Hakubandika karatasi ya nota nyuma ya picha, na afadhali. Ujanja huo umechosha. Inapofika polka ya harusi, yaani dansi ya Kicheki, mapigo yanakuwa mawili, ila vipande vinaendelea na sita vilevile. Hapo uhusiano na muziki unakatika.

Kasoro kubwa iko kulia. Picha zimepigwa pande zote mbili za daraja. Upande wa kusini, mto unakotokea, hupigwa na jua, na mbele ya nguzo kuna miundo ya mbao ya kuvunjia barafu. Upande wa kaskazini hukaa kivulini sehemu kubwa ya mchana. Kwa hiyo tao la rangi ya asali linafuatwa na tao jeusi, na ile miundo ya mbao inatokea na kupotea bila sababu. Kusawazisha rangi kwenye kompyuta hakutibu hilo, kwa kuwa vivuli vinabaki vimeelekea kulekule. Ilitakiwa kupiga upande mmoja, kwa muda mfupi, kwa lenzi ileile, kila picha ikiilalia jirani yake kwa theluthi hivi.

Karatasi ni ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba, na weusi wa mawe umetoka vizuri. Sanamu za juu ya daraja ndizo zina ukungu, maana picha zake zimekuzwa kupita idadi ya pikseli zilizonazo: ukubwa huu kwa nukta 300 kwa inchi unataka takriban pikseli 5,900 kwa 8,270.

Kwa nyumba za pwani, Mombasa au Dar es Salaam, kioo cha fremu kisiguse chapa, la sivyo unyevunyevu utaigandisha kwenye kioo. Acha nafasi ya milimita 3, na shikiza karatasi kwa mkanda usio na asidi sehemu mbili za juu tu. Ikibanwa pande zote nne hukosa pa kutanukia, ikafanya mawimbi.

Kama imekuvutia, chukua ile ya sentimita 30 kwa 42. Ukungu wa sanamu hauonekani hapo, ingawa matao ya kulia ni yaleyale.