Pula ya bolti kwa puli ya krenki: uzoefu wangu

Nimetumia pula ya bolti, yaani kifaa cha kuvutia kinachoshika kwa bolti, kutoa puli ya krenki (gurudumu la mkanda lililo kwenye ncha ya krenki, mhimili mkuu wa injini) kwenye injini ya gari langu la zamani, na naiona bora kwa mbali kuliko pula ya makucha matatu ambayo wengi wetu tumeizoea. Tofauti iko mahali inaposhika. Puli nyingi za krenki si kipande kimoja cha chuma: kuna kitovu kinachokaa kwenye krenki, kuna duara la nje linalobeba mkanda, na kati yake kuna pete ya mpira inayopunguza mtetemo wa krenki inapojisokota. Makucha yakivuta duara la nje, nguvu yote hupita kwenye mpira huo, ambao kwa gari la miaka mingi huwa umekwisha kukakamaa. Mpira huo ukiachia, puli haifai tena hata kama kwa macho inaonekana nzima. Bolti za pula hii huingia kwenye matundu yenye meno yaliyo kitovuni kwenyewe, hivyo mpira hauguswi.

Pula haikusaidii kufungua bolti kuu ya katikati inayoishikilia puli kwenye krenki, na hapo ndipo penye jasho. Nilitoa kwanza waya hasi wa betri, nikaliegemeza gari kwenye stendi imara, wala si jeki peke yake, nikaweka gia ya juu huku msaidizi akikanyaga breki ili injini isizunguke, kisha nikafungua kwa soketi yenye mkono mrefu. Njia ya kuuegemeza mkono wa soketi kwenye chasisi na kupiga starta simshauri mtu yeyote, kwa sababu mkono ukichomoka unaweza kumjeruhi vibaya aliye karibu.

Baada ya hapo kazi ilitulia. Nilipulizia mafuta ya kulegeza kutu, nikaziingiza bolti za pula kitovuni kwa kina kisichopungua unene wake, yaani 8 mm kwa bolti ya 8 mm, nikahakikisha pula imekaa sambamba na puli, nikapaka grisi kwenye skrubu ya katikati ya pula, inayosukuma ncha ya krenki, kisha nikakaza robo mzunguko kwa robo mzunguko. Puli ilitoa mlio mmoja mkavu, ikasogea kiasi cha unene wa ukucha, na kuanzia hapo ikaja bila ubishi.

Kasoro ya seti niliyonunua ni kukosa kofia ya kulinda ncha ya krenki. Skrubu ikisukuma ndani ya tundu la bolti kuu huharibu meno yake, na kuyatengeneza ni kazi kubwa kuliko kutoa puli yenyewe. Kwa hiyo niliweka kipande cha chuma cha mviringo, kipana kuliko tundu hilo lakini chenye kupita ndani ya kitovu. Bolti zilizomo pia hazikuwa na alama ya ugumu kichwani, nami nikazibadilisha kwa zenye alama ya 8.8.

Kabla ya kununua, kagua puli yako. Baadhi hutoka kwa mkono mara bolti kuu ikifunguliwa, na nyingine hazina matundu yenye meno kitovuni, ambazo pula hii haiwezi kuzishika kabisa.